Ni umilisi gani humfanya mhandisi mtafiti kung'ara? Rekodi ya Ngomeni ina majibu

WAHANDISI wawili husoma katika chuo kimoja, wakapata shahada za daraja moja na kuajiriwa katika maabara moja. Baada ya miaka kumi, mmoja ana uvumbuzi unaotajwa na wenzake, ilhali wa pili angali anatimiza maagizo ya wengine. Tofauti hiyo hutokana na nini, na je, ingeweza kutambuliwa mapema?

Swali hili limewashughulisha wataalamu wa elimu na waajiri kwa zaidi ya nusu karne. Katika pwani ya Kilifi lina uzito wa pekee. Ganda ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Malindi, upande wa magharibi wa mji, ambapo wakazi wengi hutegemea mahindi, mihogo, minazi na mikorosho. Mtu akitoka huko hadi mjini, akavuka daraja la mto Sabaki na kufuata barabara ya Lamu kupitia Gongoni, hufika Ngomeni, kijiji cha wavuvi ambacho jina lake limo katika historia ya sayansi ya dunia. Hapo ndipo palipo kituo cha anga za juu cha Luigi Broglio, ambacho wengi wangali wanakiita San Marco. Kati ya 1967 na 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka majukwaa yaliyosimama baharini karibu na kijiji hicho. Zote tisa zilifika angani.

Mzazi wa Ganda anayeuza nazi au mbuzi ili mtoto wake asomee uhandisi huambiwa kwamba siri ni alama za hesabu na fizikia. Bila hizo mlango haufunguki, huo ni ukweli. Lakini walichoonyesha watu waliofanya kazi Ngomeni, pamoja na tafiti zilizofanywa kwingineko, ni kwamba alama humfikisha mtu mlangoni tu.

Umilisi na utendaji

Neno linalotumiwa sasa katika shule za Kenya kwa uwezo wa aina hii ni umilisi, na mtaala ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 umepewa jina lake. Waliosomea isimu ya Kiswahili katika vyuo vikuu walilijua neno hilo zamani, likiwa pacha wa neno utendaji. Umilisi ni kile mtu anachokijua na kukimudu ndani yake, na utendaji ni kile kinachoonekana akifungua kinywa. Jozi hiyo ya wanaisimu inafaa sana katika mada hii. Mwajiri huona utendaji, kwa mfano kifaa kilichofanya kazi au ripoti iliyokamilika. Anachotaka kukijua ni umilisi uliouzaa, kwa kuwa huo ndio atakaoutafuta kwa mtu mwingine.

Msomi aliyelisukuma wazo hili mbele kwa nguvu alikuwa David McClelland, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka wa 1973 alichapisha makala akidai kwamba mitihani ya akili na alama za shuleni hazitabiri vyema ni nani atafaulu kazini. Alipendekeza njia iliyo wazi, yaani kuwatafuta watu wanaojulikana kufanya kazi hiyo vizuri, kuwatafuta wanaoifanya kwa wastani, kisha kuchunguza kinachowatenganisha.

Robert Kelley na Janet Caplan walifanya hivyo kwa wahandisi wa Bell Labs nchini Marekani, maabara iliyosifika kwa kuajiri vijana wenye alama za juu kabisa. Matokeo yao yalichapishwa katika Harvard Business Review mwaka wa 1993. Walipima akili, tabia na mazingira, lakini hawakupata kipimo kilichowatenga wahandisi nyota na wa kawaida. Tofauti ilikuwa katika namna ya kufanya kazi. Nyota walichukua hatua bila kusubiri kuagizwa, hata katika mambo yaliyokuwa nje ya majukumu yao. Walijenga urafiki na wataalamu wengine kabla hawajawahitaji, hivyo swali lao lilipozuka lilijibiwa upesi. Pia walijua kuipangilia kazi yao wenyewe. Jambo la kushangaza ni kwamba wahandisi wa kawaida walizitaja sifa hizo hizo walipoulizwa, ila walizielewa vingine. Kwa wengi wao, kuchukua hatua kulikuwa kuandaa ripoti ambayo hakuna aliyeiomba.

Kabla ya hapo, Thomas Allen wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts alikuwa amechunguza vikundi vya wahandisi vilivyopewa tatizo moja kulitatua kila kimoja kivyake. Kitabu chake kilichotoka 1977 kilionyesha kwamba vikundi bora vilishauriana zaidi na wenzao wa ndani ya shirika. Alionyesha pia kuwa uwezekano wa wahandisi wawili kuzungumza kuhusu kazi hupungua kwa kasi kadiri meza zao zinavyotengana, na ukivuka umbali wa mita 30 hivi huwa mdogo mno. Katika kila maabara aliwakuta watu wachache waliosoma zaidi, waliofahamiana na wataalamu wa nje, na ambao wenzao waliwaendea kutafuta habari. Mara nyingi hawakuwa wakubwa kwa cheo.

Utafiti ambao mwandishi huyu anauona kuwa wa kina kuliko yote ni wa Jörgen Sandberg, msomi wa Uswidi, uliochapishwa mwaka wa 2000. Aliwahoji wahandisi 20 wa kampuni ya magari ya Volvo ambao kazi yao ilikuwa kurekebisha injini mpya hadi zifanye kazi vizuri. Aliwakuta wamegawanyika mara tatu. Wa kwanza waliiona kazi kuwa kurekebisha sifa za injini moja baada ya nyingine. Wa pili waliona sifa zinazoathiriana, ukigusa moja nyingine inasogea. Wa tatu waliitazama injini kwa macho ya dereva atakayeinunua gari. Hao wa tatu ndio waliokuwa na umilisi wa juu zaidi. Sandberg alisema kuwa orodha ya sifa haitoshi, kwa kuwa sifa moja, tuseme umakini, hubadilika maana kulingana na jinsi mtu anavyoielewa kazi yake.

Kuiona kazi nzima

Kwa kipimo hicho cha Sandberg, Luigi Broglio alikuwa mhandisi wa kundi la tatu. Alizaliwa karibu na Venice mwaka wa 1911, akawa afisa wa jeshi la anga la Italia na profesa wa uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Sapienza mjini Roma. Mapema miaka ya 1960, Italia ilipotaka kuingia anga za juu, haikuwa na roketi kubwa wala uwanja wa kurushia. Wamarekani walikuwa tayari kutoa roketi ya Scout, chombo cha hatua nne chenye fueli yabisi, lakini kidogo kwa uwezo.

Mhandisi wa kawaida angeuliza jinsi ya kuiongezea Scout nguvu. Broglio aliuliza itarushiwa wapi. Dunia inapojizungusha, sehemu iliyo ikweta husafiri kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 465 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Zaidi ya hayo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta kwenye kimo cha chini hukwepa sehemu kubwa ya mionzi ambayo huvuruga vifaa vya kupimia. Ngomeni iko takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na upande wake wa mashariki ni Bahari Hindi tupu, mahali ambapo vipande vya roketi huweza kuanguka bila kumdhuru mtu.

Hata hivyo, hapakuwa na uwanja. Jibu lake lilitoka katika sekta nyingine kabisa, ile ya mafuta. Jukwaa la zamani la kuchimbia mafuta baharini, lililotoka kwa kampuni ya ENI ya Italia, lilivutwa hadi ghuba ya Ungwana na kupewa jina la Santa Rita. Jukwaa la pili, San Marco, lilitengenezwa kutokana na chombo cha jeshi la Marekani. Roketi zilirushwa kutoka San Marco ilhali usukani wa shughuli ulikuwa Santa Rita, na majukwaa hayo mawili yaliunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji.

Umilisi wa pili unaosomeka katika mradi huo ni kuligawa jambo kubwa kuwa hatua zinazoweza kujaribiwa. Wahandisi na mafundi wa Kiitalia walipelekwa Marekani kufunzwa. Machi 1964, roketi ndogo za utafiti zilirushwa kutoka Santa Rita ili kujaribu vifaa. Desemba 15 mwaka huo, setilaiti ya San Marco 1 ilirushwa na kikosi cha Waitalia kutoka Wallops, jimbo la Virginia, katika uwanja ambao Wamarekani walikwisha kuuzoea. Hatimaye, Aprili 26, 1967, San Marco 2 ikapaa kutoka Ngomeni, setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Kila hatua ilikuwa na jambo moja jipya la kujifunza, na mambo mengine yaliachwa katika hali iliyokwisha kuthibitishwa. Wasimamizi wa miradi yetu ya umma, ambao mara nyingi huzindua kila kitu kwa siku moja mbele ya kamera, wangefaidika kwa kuisoma ratiba hiyo.

Kifaa kilichobebwa na setilaiti hizo nacho kinaonyesha akili ya mvumbuzi wake. Kwenye kimo cha kilomita 200 na zaidi, hewa ni nyembamba mno lakini haijaisha, na huipunguzia setilaiti mwendo kidogo kidogo hadi ianguke. Broglio alitaka kuupima msukumo huo papo hapo, bila kungoja kuona mzingo ukibadilika baada ya siku nyingi. Aliunda setilaiti yenye tufe jepesi la nje na kiini kizito cha ndani, vikiwa vimeunganishwa kwa mikono inayonyumbuka. Hewa ilipolisukuma tufe la nje, lilisogea kidogo sana kulinganisha na kiini, na msogeo huo ukapimwa katika pande tatu. Setilaiti yenyewe ndiyo iliyokuwa kipimo. Wahandisi hukiita kifaa hicho mizani ya Broglio hadi leo.

Uhuru: kushindwa mara mbili, kufaulu mara ya tatu

Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka Ngomeni mchana, dakika saba kabla ya saa nane. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Aliyesimamia mradi kwa niaba ya Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) alikuwa Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Ndiye aliyeipa setilaiti hiyo jina la Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji wake.

Mwanasayansi mkuu wa mradi alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani. Safari yake ya kufika Ngomeni ndiyo inayofaa kusomwa na kila anayetafuta watafiti wa kuajiri. Jaribio la kwanza la kikundi chake kupeleka vigunduzi vya eksirei juu ya hewa lilishindikana kwa sababu ya roketi. La pili, Oktoba 1961, roketi ilienda sawa lakini milango iliyovifunika vigunduzi haikufunguka. Juni 1962, katika safari ya dakika chache tu, milango ilifunguka na kikundi kikagundua chanzo kikubwa cha eksirei katika kundi la nyota la Nge, ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwaka uliofuata Giacconi na wenzake waliipelekea NASA pendekezo la setilaiti itakayoikagua anga yote. Ilichukua miaka saba kulitimiza.

Ustahimilivu wa aina hiyo si ukaidi. Mkaidi hurudia jambo lile lile. Kikundi cha Giacconi kilitafuta kila mara sehemu iliyoharibika, kikairekebisha hiyo, na swali la msingi likabaki pale pale. Watahini wa kazi wanaosikia mtu akisema kwamba hakati tamaa wanapaswa kumuuliza alibadilisha nini baada ya kushindwa.

Kuna umilisi mwingine ulioonekana Uhuru ilipokuwa tayari angani. Giacconi alisisitiza kwamba sehemu ya data iwafikie watafiti upesi na ichambuliwe kwa programu zilizotayarishwa mapema, badala ya kurundikana kwa miezi kama ilivyokuwa desturi wakati huo. Kwa sababu hiyo, ishara za kuchezacheza zilipoonekana katika chanzo kiitwacho Centaurus X-3, setilaiti ilipunguziwa kasi ya kujizungusha ili ikitazame kwa muda mrefu zaidi. Ikabainika kuwa chanzo hicho hupiga kila baada ya sekunde 4.8. Baadaye ikagundulika kwamba hupotea na kurudi kila baada ya siku mbili na kidogo, kwa kuwa kinazungukana na nyota nyingine inayokiziba. Wanasayansi walikuwa wakitazama nyota ndogo ya nyutroni ikinyonya gesi ya jirani yake.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alituzwa Nobel ya Fizikia mwaka wa 2002. Mhandisi mtafiti anayeunda kifaa kizuri bila kufikiria data itapita wapi, itamfikia nani na baada ya muda gani, ameifanya nusu ya kazi. Ni lile jambo la dereva wa Volvo, isipokuwa dereva hapa ni mnajimu anayesubiri namba.

Mchango wa Townsend haupimwi kwa mlinganyo wowote. Setilaiti yake ilikuwa na vifaa vya kampuni binafsi ya Massachusetts, mwili uliotengenezwa na maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, roketi ya serikali ya Marekani, kikosi cha Waitalia cha kurusha, na bahari ya Kenya. Kila kundi lilikuwa na lugha yake na mabosi wake. Kuyaunganisha makundi kama hayo mara nyingi huchukuliwa kuwa utawala tu, jambo la watu walioacha uhandisi. Matokeo ya Kelley na Allen yanapinga dhana hiyo, na wala setilaiti hiyo isingepaa bila mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Tukio la Februari 1997

Urushaji ulipokoma 1988, antena za Ngomeni ziliendelea na kazi. Setilaiti ya Italia na Uholanzi iliyoitwa BeppoSAX, iliyopaa kutoka Florida mwaka wa 1996, ilizunguka juu ya ikweta na kushusha data yake kila ilipopita juu ya Malindi, kisha data hiyo ikapelekwa Roma.

Februari 28, 1997, chombo hicho kilinasa mlipuko wa miali ya gama. Milipuko kama hiyo ilikuwa imewatatiza wanasayansi kwa takriban miaka 30 kwa kuwa hudumu sekunde chache na kutoweka kabla mtu hajajua ilikotokea. Safari hii zamu za wahandisi na watafiti zilikuwa zimejipanga. Eneo la mlipuko lilikadiriwa, setilaiti ikageuzwa, na muda wa takriban saa nane tu baada ya mlipuko vifaa vyake vikawa vinautazama. Vikakuta mabaki ya mwanga wa eksirei yakififia. Wanajimu wa Ulaya wakaelekeza darubini hapo na kuona mwanga wa kawaida. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kuthibitisha kwamba milipuko hiyo hutokea mbali mno, nje kabisa ya kundi letu la nyota.

Hakuna aliyevumbua kifaa kipya usiku huo. Kilichofanyika ni watu kujua la kufanya kabla ya tukio, kuaminiana kwa simu, na kuwa na mamlaka ya kubadilisha ratiba bila kusubiri barua. Umilisi wa namna hii hujengwa na kituo kizima, na kuhama kwa mtu mmoja hakuuondoi.

Namna ya kuutambua

Mbinu iliyozoeleka zaidi ya kuibua umilisi ni ile ya matukio muhimu, iliyoelezwa na John Flanagan mwaka wa 1954 baada ya kuitumia kuchunguza marubani wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mhojiwa haulizwi mhandisi bora huwaje. Huombwa asimulie tukio moja lililokwenda vizuri na moja lililoharibika: hali ilikuwaje, nani walikuwapo, yeye mwenyewe alifanya nini hasa, aliwaza nini wakati huo, na matokeo yakawa nini. Matukio mengi yakikusanywa kutoka kwa watu wengi, yale yanayojirudia kwa wanaotenda vyema na kukosekana kwa wengine huanza kujitokeza yenyewe.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba huondoa maneno matupu. Barua za sifa zinazopita katika meza za wahariri na waajiri zimejaa watu wachapakazi, waaminifu na wenye maono, lakini ni nadra kumwona ndani yake mtu akifanya jambo. Mhojaji akisikia "tulitatua tatizo", anauliza nani alitatua, siku gani, kwa kifaa gani. Anayesema kweli huwa na majibu, tena huongeza mambo ambayo hayakuulizwa.

Mbinu hii pia humpa nafasi kijana ambaye hakupitia maabara. Anayetoka Ganda huenda hajawahi kushika kipimo cha ishara za umeme hadi alipofika chuoni. Lakini kama aliwahi kufungua pampu ya maji iliyoharibika, akaikagua sehemu moja baada ya nyingine, akamwendea fundi wa Malindi mjini kwa swali mahsusi, kisha akaandika alichobadilisha, hilo ni tukio. Lina mgawanyo wa hatua, uchukuaji hatua na mtandao wa kuuliza. Jopo linalotazama alama za KCSE peke yake haliwezi kuliona.

Haifai hata hivyo kuutukuza umilisi wa mtu mmoja mmoja kupita kiasi. Broglio aliutaka uwanja wa Ngomeni uendelee, na alipania kupata toleo la Scout lenye nguvu zaidi. Roketi ya Scout ilistaafishwa mwaka wa 1994, nayo Italia ikaelekeza fedha zake kwa roketi ya Vega, ambayo ilirushwa mara ya kwanza mwaka wa 2012 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Broglio alikuwa amefariki mwaka wa 2001. Uwezo wake haukupungua kati ya 1967 na 1988. Maamuzi ya serikali na bajeti ndiyo yaliyobadilika. Mhandisi bora asiye na vipuri, mshahara wala mkataba wa kudumu atatoa kazi ya wastani au atahama, na hakuna mahojiano ya kuajiri yatakayoizuia hali hiyo.

Nafasi ya Kenya

Majina yaliyotajwa hapa ni ya Waitalia na Wamarekani, na hilo limekuwa chanzo cha malalamiko ya muda mrefu, bungeni na mitaani, kwamba wenyeji walibaki kuwa walinzi, madereva na vibarua katika kituo kilicho mlangoni mwao. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa saini mjini Trento Oktoba 2016. Ulihusisha mafunzo na elimu, matumizi ya data, kituo cha kanda cha uchunguzi wa dunia, tiba ya mbali, na usaidizi kwa taasisi ya Kenya ya anga za juu. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka uliofuata.

Mei 11, 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, yenye upande wa sentimita kumi, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japan. Ilitengenezwa kwa ushirikiano na Sapienza, chuo kile kile cha Broglio. Aprili 15, 2023, Taifa-1 ilipaa kutoka California baada ya urushaji wake kuahirishwa. Wahandisi wa Kenya waliiunda pamoja na kampuni moja ya Bulgaria kwa gharama ya Sh50 milioni. Ngomeni nako, tangu Desemba 2021 antena zimekuwa zikipokea data ya IXPE, setilaiti ya Marekani na Italia inayochunguza miali ya eksirei kama ilivyofanya Uhuru nusu karne kabla yake.

Nafasi za masomo na mafunzo zinazotokana na mikataba ya aina hii ni chache, na kila moja huwania watu wengi wenye shahada zinazofanana. Orodha ya umilisi iliyoandikwa kwa ajili ya maabara ya Illinois au kiwanda cha Uswidi haitawafaa waandaaji wa mahojiano hayo kikamilifu, kwa sababu mhandisi wa hapa hufanya kazi vipuri vikiwa bandarini, na mshauri wake mara nyingi yuko umbali wa saa kadhaa za ndege. Matukio ya 1KUNS-PF na Taifa-1 bado yamo katika kumbukumbu za waliohusika: sehemu gani ilikataa kufanya kazi, nani alipigiwa simu, uamuzi upi ulifanywa bila ruhusa na ukaokoa wiki tatu, au ukazipoteza. Kuwahoji kwa mbinu ya Flanagan, pamoja na mafundi Wakenya walioziendesha antena za Ngomeni kwa miaka mingi, hakuhitaji maabara wala mkopo. Kunahitaji kinasa sauti, mhojaji mvumilivu na mwezi mmoja wa kazi.